Vidole Arobaini

“Viganja afe,” mchoraji alisema, kisha akainamisha kichwa kama mfiwa. “Mimi ndiye niliyemchora tangu siku ya kwanza. Mkiona nasema hivyo, jueni nimefikiri.”

Walikuwa kwenye chumba cha mkutano cha studio. Viganja alikuwa kipenzi cha watoto katika katuni yao ya safari za anga: kiumbe mpole wa zambarau, mpishi wa chombo, mwenye mikono minane ya kukoroga, kubembea na kukumbatia. Alikuwa hewani mwaka wa sita sasa.

“Chombo kinawaka moto,” mchoraji aliendelea. “Watoto wamo ndani. Mlango wa injini haufungiki mpaka mtu aushikilie kwa nje. Nani mwenye mikono ya kutosha?”

Mwandishi wa hadithi, kijana mwenye machozi ya karibu, alitoa kitambaa. Mkurugenzi, mama ambaye hata mzaha aliusikiliza kwa uso uliokunjwa, alifikiri kidogo. “Kujitoa mhanga kwa ajili ya wenzake,” akasema. “Watoto wanafaa kulijua hilo. Haya, afe.”

Mchoraji alitoka mle na uso wa matanga na moyo wa harusi.

Ukweli ni kwamba alikuwa amemchoka Viganja kama kiatu kinachobana. Mikono minane ni vidole arobaini. Studio yao ilichora kila kitu kwa mkono, picha kumi na mbili kwa sekunde moja. Viganja akipunga tu kwaheri, mchoraji alikuwa na kazi ya siku tatu. Na ile sehemu ya tatu asingeisahau hata kaburini: mlango ulimbana Viganja, mkono mmoja ukachomoka kama mkia wa mjusi, ukaota kichwa na macho na mikono yake minane. Kabla pacha huyo hajarudishwa kwenye sayari yake, mchoraji alishafungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mwandishi aliona ni kichekesho. Aliyecheka ni yeye peke yake.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kiwiko. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka saba, Kadogo. Kila jioni Kadogo alimwekea mezani karatasi na penseli ya buluu, mojawapo ya vile vipande vifupi alivyoletewa na baba yake kutoka kazini, akaomba kitu kimoja.

“Baba, nichoree farasi.”

“Mkono umechoka, mama. Ukipona nitakuchorea.”

Alikuwa akisema hivyo tangu binti ana miaka minne. Watoto wa watu waliiona kazi yake kila wiki, na wa kwake hana picha hata moja. Kwa hiyo Viganja alipaswa kwenda, na alipaswa kwenda moja kwa moja.

“Asije akarudi,” alimwambia mwandishi. “Watoto wakilia, tusilegee. Nataka kifo kisicho na mlango wa nyuma.”

“Unampenda hivyo, na bado unamtafutia kifo cha heshima,” mwandishi akasema, akipenga kamasi. “Kaka, wewe ni mtu na nusu.”

Alikichora kifo kile mwezi mzima, akipiga mluzi. Viganja aliushikilia mlango kwa nje, akawatabasamia watoto kupitia kioo, injini ikalipuka. Na kwa kuwa kazi ya mwisho haichoshi, mchoraji akaongeza urembo ambao hakuombwa: mikono ya Viganja ikachomoka mmoja mmoja, ikipunga kwaheri, kila mmoja ukaelea kuelekea nyota yake. Mkurugenzi alipoitazama alitoka nje, akarudi macho mekundu.

Siku iliporushwa, mchoraji alikaa na Kadogo sebuleni, roho mkononi. Alikuwa tayari kwa kilio. Binti hakulia. Alisogea karibu na skrini, midomo ikimchezacheza, akakunja vidole vyake kimoja kimoja, kisha akakimbia kuleta karatasi.

Baba akajua ni ya farasi. Safari hii hakungoja aombwe. Alichora wa kwanza, akachora wa pili, akachora wa tatu mwenye mabawa kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Miguu minne tu kila mmoja! Ilikuwa starehe. Kadogo aliwabandika wote juu ya kitanda, akamkumbatia baba yake shingoni na hakutaka kumwachia, na mchoraji akajiambia kwamba kama Viganja angekuwa mtu, angeelewa.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi aliwaita. Mezani palikuwa na magunia mawili ya barua za watoto, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita mama yule alikuwa anacheka.

Mchoraji alipiga moyo konde. “Wamelia, najua. Watazoea. Tulikubaliana hakuna kurudi.”

“Wamelia wote, isipokuwa mmoja.” Akanyanyua karatasi iliyoandikwa kwa penseli ya buluu. “Huyu anaijua katuni yetu kuliko sisi. Sikilizeni: ‘Msilie. Kwenye sehemu ya tatu mkono wa Viganja ulitoka ukawa Viganja mwingine. Nimeihesabu iliyoruka. Ni minane. Kwa hiyo sasa wako wanane.’”

Mwandishi alishaanza kuandika. Mchoraji aliyakodolea macho yale maandishi ya buluu, akajaribu kuzidisha arobaini kwa nane, hesabu ikamgomea.

“Kuna pia mstari wa chini,” mkurugenzi akasema, akiweka miwani vizuri. “‘Msiogope kazi kuwa nyingi. Mkono wa baba umepona. Amenichorea farasi watatu.’”