Samaki Aliyeyakataa Maji

Msichana alikuja bwawani na viatu miguuni.

Wenzake waliokuwa wakijinyoosha kando ya maji waliacha kujinyoosha. Kwenye vigae vile hata mwenyekiti wa klabu alikuwa akivua viatu. Msichana akapita katikati yao, kwata, kwata, begi begani, kofia ya kuogelea mkononi, akasimama mbele ya kocha.

"Umechelewa," kocha alisema, macho yangali kwenye saa yake ya kupimia kasi. "Na hivyo viatu ni vya nini?"

"Sikuchelewa, Kocha. Siogelei."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa woga, kisha akajuta kucheka.

Klabuni walimwita Samaki. Aliingia majini akiwa na miaka sita, sasa alikuwa na kumi na sita, na vikombe vilivyojaa rafu ya ofisini vilikuwa vyake karibu vyote. Jumamosi ijayo kulikuwa na mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Kila mtu alijua nafasi ile ni yake. Alichobakiza ni kujitumbukiza tu.

"Nimepata mchezo mwingine," alisema. "Kunyanyua vyuma."

"Kwa yule mama anayechomelea mageti?"

"Kwa huyo huyo."

Kocha akawageukia wengine. "Jamani, mmesikia? Samaki wetu anataka kuwa winchi."

Wakacheka. Kocha akifanya mzaha, kucheka kulikuwa salama zaidi. Msichana hakucheka; mizaha ile aliizoea, na kimya cha kocha alikizoea pia. Mwaka uliopita aliposhindwa kwa ncha ya kidole, kocha hakumsemesha wiki nzima. Hata homa ilipomlaza siku zile, kocha alileta vidonge, akaviweka mezani pamoja na glasi ya maji, akatoka bila kufungua kinywa.

Kule kwa mchomelea mageti mambo yalikuwa mengine. Uwanja wenyewe ulikuwa uani mwa karakana, kati ya mageti yasiyo na rangi na harufu ya chuma kilichoungua. Siku ya kwanza chuma kilimponyoka, kikaanguka kwa kishindo hata njiwa wakahama paa. Msichana akajikunyata, akisubiri kufokewa.

Mama mchomelea alisukuma miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. "Mbona umejikunja kama kobe? Chuma kimeanguka. Kuna mtu amekufa? Haya, kiokote, mwanangu. Shule je, leo mmefundishwa nini?"

Msichana akainua kichwa. Watu walizoea kumuuliza sekunde zake tu.

Mama yake mzazi, mshona nguo, aliligundua jambo hilo kabla ya wengine, kwa sababu suruali zilianza kubana mapajani. "Nenda ukamwambie kocha wewe mwenyewe," alisema, pini mdomoni. "Mimi nilishajaribu kumsemea mwanangu. Nikaambiwa ya bwawani yaishie bwawani. Mbona basi hayaishii huko?"

Ndiyo maana leo alikuwa amesimama kwenye vigae na viatu.

Kocha aliona mzaha haukufanya kazi. Akashusha sauti. "Miaka kumi nimekulea humu."

"Umenifundisha. Kulea ni kitu kingine."

"Bila mimi ungekuwa nani?"

"Sijui. Nataka kujua."

Rafiki yake akamvuta mkono, akanong'ona, "We Samaki, omba msamaha, yaishe. Sisi akikohoa tu tumeshapiga mbizi."

"Nyinyi mna bahati," msichana akamjibu, bila kunong'ona. "Mkitoka hapa, mmetoka."

Mshipa ukamsimama kocha shingoni. "Basi nisikilize. Ukipita lango lile leo, usirudi. Nikikukuta humu nitakutoa kwa mkono wangu. Na usithubutu kuniita kocha tena maisha yako yote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sikusikii!"

"Nimeelewa!" Sauti ikagonga mabati ya paa, ikarudi.

Aliiweka kofia kwenye jukwaa la kurukia, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akaondoka alivyokuja, kwata, kwata, na hakuna aliyethubutu kumwambia avue viatu.

Mazoezi yaliisha mapema siku hiyo. Kocha alitoka peke yake, akaingia kwenye gari lake, akashika usukani bila kuwasha. Msichana alikuwa ameketi kwenye ngazi nje ya lango, begi mapajani, macho makavu. Akanyanyuka, akafungua mlango wa abiria, akaingia, akafunga mkanda.

"Hukusikia nilivyosema?" kocha aliuliza, akiangalia mbele.

"Nimesikia kila neno. Wewe si kocha wangu tena."

"Si kocha wako."

"Popote?"

"Popote."

"Niapie."

Kocha akageuka, akamtazama kwa hasira, halafu kwa namna nyingine. "Naapa."

Msichana akavuta pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta kabla ya mbizi, akalitamka neno alilokatazwa tangu siku ile ya kwanza majini:

"Basi twende nyumbani, Baba."