Kahawa ya Vuokko

Kahawa kwenye kikombe cha nahodha wetu, Vuokko, ilikuwa imetulia kama ya nyumbani. Hilo ndilo lililonitisha, kwa maana meli inayokwenda haiachi kahawa itulie. Meli ilikuwa imenaswa, na barafu ilikuwa ikitusukuma, pamoja na shehena yote ya mafuta, kuelekea miamba ya Ghuba ya Finland.

"Piga rivasi," alisema. "Meli hii iliundwa ivunje barafu kwa nyuma."

"Miaka yote nashika usukani, Kapteni, leo naendesha kwa makalio?"

"Yakitutoa hapa, nitayabusu."

Rafadha zikaanza kutafuna barafu. Sakafu ikatetemeka. Kahawa ikafanya viwimbi, kisha ikamwagika mezani. Nikachukua kitambaa.

"Acha," alisema Vuokko, machozi yakimlengalenga. "Acha imwagike."