Picha Thelathini za Nguchiro

Zamani, si za kale bali za juzi tu, Nungunungu mwenye hasira za karibu alipakana na Nguchiro mpenda sifa. Kila asubuhi Nguchiro alimwaga kwenye kundi la kijiji picha thelathini za shamba lake, na simu ya Nungunungu ikajaa hadi ikagoma kupokea hata salamu.

"Jirani, chagua moja tu. Bando tunanunua."

"Wivu huo," alijibu Nguchiro.

Nungunungu akaanza kuzifuta moja moja, huku akisonya. Kwenye ya ishirini na saba akaganda. Nyuma ya mahindi lilikuwa limeegemezwa jembe lake lenye kamba nyekundu mpinini, lililopotea masika akabaki kulima kwa kucha.

Akairudisha kundini picha hiyo peke yake, akaandika chini: "Umeona, jirani? Moja ilitosha."