Kitufe cha Nne

Kitufe cha nne cha mtambo wa sauti kilikuwa kimebandikwa selotepu nyeusi, tabaka tatu.

"Hicho usikiguse," alisema kaka mkubwa wa bendi ya Akina Dunmore, akimwinamia Protas sikioni kama mtu anayeleta habari za msiba. "Ni maikrofoni ya mdogo wetu, Ian. Haijafunguliwa kwa miaka arobaini na mitatu. Mwenyewe hajui."

Protas alidhani Mwingereza anatania. Wapi! Mama yao, muuza samaki na chipsi, aliwapa sharti moja walipoanzisha bendi: wote watatu, ama bendi hakuna. Ian akaingia na miaka yake kumi na minne. Siku ya kwanza kwenye televisheni, sauti yake iliyokuwa ndiyo kwanza inabalehe ikapasuka, nchi nzima inasikia. Kumfukuza hawakuthubutu, mama wangemwambia nini? Wakamzimia sauti. Wamerekodi albamu tisa, wameizunguka dunia, na sasa walikuwa Minneapolis kwenye ziara ya kuaga, na muda wote huo Ian amesimama nyuma yao na tari lake, akiimbia chuma kilichokufa.

"Ukikifungua," alimalizia kaka mkubwa, "namwona bosi wako leo leo."

Hapo alimpatia. Protas alikuwa kwenye miezi ya majaribio pale ukumbini, na ilikuwa inaisha wiki hiyo. Miaka sita alikuwa amegeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya wazee kule Woodbury huku akisomea ufundi wa sauti. Asubuhi ile, wakitoka kanisani, mkewe Ernestina, ambaye ni nesi, alikuwa amemwambia bila kuzunguka, "Baba Heri, hospitali zinalilia watu, wewe umeng'ang'ania nyaya. Haya. Lakini hii ukiipoteza, Jumatatu unarudi kugeuza wazee."

"Siipotezi," alijibu Protas, na alimaanisha.

Saa sita mchana wakajaribu vyombo. Protas alivaa visikizi, akaisikiliza maikrofoni ya nne peke yake, bila spika za ukumbi kujua. Ian alikuwa anajiimbia taratibu, amefumba macho, akisubiri wenzake wamalize kubishana. Sauti nzito, safi, haiyumbi hata kidogo. Protas akavua visikizi. Hasira zilimpanda. Hii ndiyo sauti ya kufungiwa?

Mtu mwingine angesema hayamhusu. Lakini Protas alikuwa kitindamimba, wa mwisho kati ya wanaume watano, na kitindamimba anajua. Jana yake tu palikuwa na kikao cha ukoo kwa simu, kuamua mama yao ataishi kwa nani. Alipokohoa ili aseme, kaka yake wa kwanza, kutoka Bukoba, akamwahi, "Tumekusikia, Protas. Tuendelee." Alikuwa hajatamka neno.

Kabla milango haijafunguliwa, Ian akamfuata kwenye mitambo.

"Yangu iko sawa?"

"Iko sawa," alisema Protas, akitazama chini kwa aibu.

"Sawa kama siku zote?"

"Kama siku zote."

Ian akashusha pumzi, akampigapiga begani. "Wewe ni mtu mwema," alisema, na akaenda zake anapiga mluzi. Protas nusura alie. Maskini ya Mungu, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, hajui anachofanyiwa!

Onyesho lilianza saa tisa alasiri, maana mashabiki wenyewe wameshaota mvi na hulala mapema. Ian aliimba kwa moyo wote. Alikuwa amebandika midomo kwenye maikrofoni hata haionekani, mishipa ya shingo imemtoka, uso unang'aa kwa raha. Kaka zake hawakugeuka nyuma hata mara moja. Kabla ya wimbo wa mwisho, kaka mkubwa akanyoosha kidole bila kutazama, akawaambia watu, "Na yule kule ni mdogo wetu. Tumembeba hadi hapa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Ian naye akacheka, akainama kushukuru.

Protas hakucheka. Alianza kuibandua selotepu kwa ukucha, tabaka la kwanza, la pili. Alimwona Ernestina akimpa sare yake ya zamani, imepigwa pasi. Alimsikia kaka yake wa Bukoba, tumekusikia, tuendelee. Tabaka la tatu likang'oka. Potelea mbali! Wamfukuze. Atawageuza wazee wote wa Woodbury, lakini leo kitindamimba mmoja atasikika kabla hajafa.

Wimbo wenyewe ulikuwa ule uliowapa jina, ambao kila mtu ukumbini aliucheza harusini kwake. Kwenye kiitikio cha mwisho magitaa hunyamaza, ngoma hunyamaza, zikabaki sauti tupu. Protas aliingoja nafasi hiyo. Magitaa yakakatika, ngoma ikakatika, naye akakisukuma kitufe cha nne mpaka juu kabisa, akakunja mikono, akasimama wima ili kila mtu amwone ni nani aliyefanya.

Sauti ya Ian ikaujaza ukumbi hadi darini, tamu, imetulia juu ya sauti za kaka zake bila kukosea hata pumzi, sauti ya mtu anayeyajua maneno yake kwa miaka mingi:

"Nyie mbwa wawili, nyie mbwa wawili, leo tena nawatukana na hamnisikii."