Upande wa Pili Haukuwa Wazi

Chausiku aliagizwa aifute lugha ya mama yake kabla ya saa sita mchana. Kwenye tovuti ya hospitali ya mji ule, lugha hiyo ilikuwa na mfasiri mmoja tu, mama mwenyewe, na walimzika mwezi uliopita.

"Futa tu, dada," alisema Mhina, mkuu wake, akitafuna karanga. "Nani ataijaza sasa? Au mama atatutumia tafsiri kutoka huko?"

Alicheka peke yake, maskini.

Kazi yao ilikwenda hivi: sentensi mpya iliandikwa kwanza kwa Kiswahili, na upande wa pili ukabaki wazi hadi mfasiri aujaze. Asubuhi hiyo Chausiku alikuwa ameandika, "Subiri, daktari anakuja." Alipofungua orodha ili aifute, upande wa pili ulikuwa umejaa. Yalikuwa maneno ya kwao, na maana yake: "Keti hapa mwanangu, hatakawia." Mama hakuwahi kumwandikia mgonjwa bila kumwita mwanangu.

"Bosi, umeandika wewe?"

"Mimi? Hata salamu ya kwenu siijui!"

Chausiku aliondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta. Akaandika sentensi nyingine ya Kiswahili, "Unaumwa wapi?", akakunja mikono mapajani, akalikodolea macho pengo lililo mkabala nayo.