Chenga za Bibi Bonifasia

"Samahani, Bibi, picha imejaa chenga," nilisema, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

Bibi Bonifasia aliacha kusaga ulezi. "Chenga? Unga wangu?"

Jikoni kwake Rulenge mna giza hata mchana, na flashi inamuumiza macho. Nilikuwa nimepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi mwisho, ingawa huleta chenga kwenye picha; nikazungusha lenzi hadi sura zake mbili kwenye kidirisha cha kamera zikaungana kuwa moja, ishara kwamba picha imelengwa sawasawa, ndipo nikabofya.

"Wewe binti, picha hiyo inakwenda kwa mwanangu kule Biharamulo. Anataka kunihamishia kwake, eti nimezeeka, siwezi tena kusaga. Sasa umpelekee chenga?" Akakamata kidole changu, akakichovya kwenye unga. "Sema!"

Ulikuwa laini kama poda ya mtoto.

Nilitaka kumweleza kwamba chenga ni za kamera, si za unga, lakini hakuningoja.

"Piga tena," akasema, akaliinamia jiwe la kusagia kwa mabega yote mawili.

Nikapiga. Chenga zilikuwa zile zile, zimetanda gizani na juu ya mikono yake yenye misuli. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

"Haya, sasa ataona nini?"

"Atamwona mama yake anasaga, Bibi. Laini kabisa."