Bakuli la Kurudisha

Siku ya nne tangu Mwinjuma ahamishiwe kazi katika mji ule, bakuli la jirani lilikuwa bado mezani kwake, limeoshwa na kukauka. Kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, naye hakujua kupika chochote. Alikuwa na chupa moja tu ya achari ya ndimu, aliyoitengeneza mkewe mwezi mmoja kabla ya kufa. Akaimimina yote bakulini, akaenda kupiga hodi.

Bi Mwanate, jirani yake, alionja kwa ncha ya kidole, akafumba macho.

“Mwanangu, mkeo anajua. Akija, mwambie anifundishe.”

“Nitamwambia,” alisema Mwinjuma.

Aliporudi kwake aliifunga ile chupa tupu, akakikaza kifuniko kwa mikono miwili, harufu isitoke.